Shangazi wa Spea: Mwezi huu ni Subaru tu

Barua za Subaru zimerundikana hadi mhariri kaniambia nizimalize zote kwa pamoja. Wenye Noah na Vitz mnisamehe, zamu yenu mwezi ujao. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi si fundi. Nauza spea hapa Moshi, na marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akishika spana. Mimi naona kilichovunjika tu, kwa sababu huletwa kaunta kimefungwa kwenye gazeti, kikidondosha oili juu ya daftari langu la madeni.

*Shikamoo Shangazi. Nabeba mizigo ya wageni mlimani, nimeweka akiba, na sasa nimeona Forester SG5 kwa dalali wa Arusha. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, ana Corolla tangu sijaanza shule. Anasema Subaru ni gari la wahuni na kwamba hatakanyaga ndani. Nataka kumjibu kwa hoja, lakini hata mimi sijui gari hili limetoka wapi. Najua tu likipita moyo unaruka. Ni gari la nani, na kwa nini vijana wa Arusha wamechanganyikiwa nalo hivi? — Mpagazi, Pasua*

Marahaba mwanangu. Baba usimbishie kwa sauti. Mpe historia, walimu wanaipenda.

Hawa watu walianza na ndege. Mwaka 1917 mhandisi mmoja aliyeacha kazi katika jeshi la wanamaji la Japani, Chikuhei Nakajima, alifungua karakana ya ndege katika mji wa Ota, mkoa wa Gunma. Ilipofika Vita vya Pili vya Dunia, kampuni yake ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa ndege za kivita Japani. Nchi iliposhindwa vita mwaka 1945, wakapigwa marufuku kugusa ndege. Mafundi walikuwepo, mashine zilikuwepo, kazi haikuwepo. Wakageukia vitu vya raia, na mwaka 1946 wakatoa skuta iliyoitwa Rabbit. Zile za mwanzo zilifungwa magurudumu ya mkiani ya ndege za mabomu, yaliyobaki stoo. Hapo ndipo nilipowapendea mimi. Mtu anayejua thamani ya spea humtambui kwa maneno.

Kampuni ile ilikatwakatwa vipande baada ya vita, na mwaka 1953 vipande vitano vikaungana kuunda Fuji Heavy Industries. Mwaka uleule ndipo yalipoanza mashindano ya magari ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yale tuliyokuja kuyaita Safari Rally. Mwaka 1954 wakaunda gari lao la kwanza, na mkuu wa kampuni, Kenji Kita, akalipa jina Subaru. Hilo ndilo jina la Kijapani la zile nyota tunazoziita Kilimia. Kwenye nembo kuna nyota moja kubwa na tano ndogo, kwa maana ya zile kampuni tano na ile moja waliyoiunda. Walioniuliza habari za nyota, jibu lenu ndilo hilo.

Gari lililowatoa ni Subaru 360 ya mwaka 1958. Injini cc 356, nguvu farasi 16, watu wanne ndani. Aliyeongoza kulibuni ni Shinroku Momose, mtu wa injini za ndege, na ndiyo maana lilikuwa jepesi mno. Mtu wa ndege hubishana na kila gramu. Lilitengenezwa hadi mwaka 1971, wakauza karibu laki nne.

Lakini Subaru unayoiota wewe inaanzia mwaka 1966, kwenye gari liitwalo Subaru 1000. Humo ndimo walimoweka ile injini ya kulala, boksa. Injini ya Corolla ya baba yako pistoni zake zinapanda na kushuka. Za Subaru zinakwenda pembeni, mbili kulia, mbili kushoto, kama watoto waliolala kitanda kimoja miguu ikikutana katikati na vichwa vikiwa pande mbili. Miguu inapokutana ndipo ilipo kranki shafti. Vichwa ndizo silinda hedi, na ziko chini kabisa, karibu na matairi. Faida yake ni kwamba uzito wa injini unakaa chini, gari halilali kwenye kona. Tena kranki inatazamana moja kwa moja na gia boksi, na gia boksi inatazamana na shafti ya nyuma, vyote kwenye mstari mmoja katikati ya gari.

Ule mstari ulikuja kuwafaa kuliko walivyotarajia. Kampuni ya umeme ya Tohoku, kule kaskazini kwenye theluji, ilikuwa na mafundi wanaohangaika kufika kwenye nguzo zao kwa jipu zinazotetemesha mwili. Wakaomba gari la kawaida lenye kuvuta magurudumu yote manne. Kwa Subaru kazi ilikuwa nusu imekwisha, kwani njia ya kupeleka nguvu nyuma ilikuwa imenyooka tayari. Majaribio yakafanyika, na mwaka 1972 ikatoka Leone, gari la familia la kuvuta kote kote. Kwa hiyo mwambie baba kwamba asili ya gari analoliita la wahuni ni fundi wa umeme mwenye baridi. Sijui TANESCO wetu wangeomba nini.

Mwaka 1989 ikaja Legacy. Kabla haijaingia sokoni waliipeleka Arizona, Marekani, wakaikimbiza kilomita laki moja kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa, usiku na mchana, siku kumi na nane na ushee, ikisimama kwa mafuta, matengenezo na kubadili dereva tu. Ilikuwa na injini ya EJ20, wa ukoo wa boksa za Subaru ziitwazo EJ, yenye tabo, ile feni inayosukumia injini hewa. Ndugu zake EJ20 wasio na tabo ndio wanaokaa kwenye SG5 nyingi zinazouzwa huku kwetu. Uliza dalali lako ni lipi, usikisie kwa tundu la boneti, alama ya tabo, peke yake, maana boneti hubadilishwa.

Halafu ndiyo mbio. Impreza ilitoka mwaka 1992. Mwaka 1995 Colin McRae, Mskoti, akawa bingwa wa dunia wa rali akiwa na Impreza ya bluu yenye maandishi ya njano ya kampuni ya sigara na rimu za dhahabu. Subaru ikachukua ubingwa wa watengenezaji mwaka 1995, 1996 na 1997. Richard Burns akawa bingwa mwaka 2001, Petter Solberg mwaka 2003. Sawa, hayo ya Ulaya. Yaliyotuingia sisi ni ya jirani: McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997, Burns akaishinda na Subaru mwaka 2000. Vumbi lile lile, mawe yale yale, mbuzi wale wale wanaokatiza njia. Vijana wa Arusha walivuka Namanga kwenda kutazama, wakarudi hawasemi lingine. Wengine walikuwa bado wanapanda vifodi, lakini kichwani walikuwa McRae.

Ukiniuliza kwa nini Arusha na si Tanga, sababu yangu ni hiyo: ukaribu wa Nairobi. Ongeza barabara zetu za milimani, ongeza pesa ya utalii na ya madini ambayo humwangukia kijana kabla hajaoa. Na siwezi kuficha, duka langu linauza nembo nyekundu za STI, tawi la mbio la Subaru, kuliko plagi. Impreza ya kwendea sokoni inaingia kwa fundi rangi asubuhi, jioni imetoka ikiwa bingwa wa dunia. Baba yako akisema wahuni, hao ndio aliowaona.

Wewe kazi yako ni ya mlimani, unashuka na kupanda Machame na Marangu, vijiji vina matope masika. Gari linakufaa. Ila ukienda kwa dalali, nenda alfajiri, mwambie asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini iwe baridi. Vuta kipimo cha oili uone rangi na kiwango. Kisha inama kila upande, angalia chini ya zile hedi kama kuna unyevu wa oili au alama nyeupe za maji yaliyokauka. Uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Wa EJ unatakiwa ubadilishwe kwenye kilomita laki moja, na mita ya gari lililotumika usiipe imani yote. Mkanda ukikatika njiani, valvu zinagongana na pistoni, na hapo utakuja kwangu na orodha ndefu. Hakuna risiti wala karatasi? Hesabu bei ya mkanda mpya ndani ya bei ya gari kabla hujapeana mkono.

*Shangazi niaje. Nina Impreza non-turbo, nimekata ekzosi nikaweka ya mchuma mpana ila haitoi ule mlio. Inapiga kelele tu, majirani wananinunia. Nikamate wapi? — Chalii wa Sakina*

"Niaje" utampa mwenzako wa kijiweni. Haya, shikamoo nimeipokea kwa niaba yako.

Ule mlio wa kukoroma hautoki nyuma. Unatoka mbele, chini ya injini. Kwenye EJ, hasa za tabo, mabomba yanayotoa moshi kwenye hedi ya kushoto na ya kulia hayalingani urefu, kwa hiyo moshi unafika kwenye makutano kwa kupishana: du-du, du, du-du. Mabomba yakilingana mlio unapotea hata kama injini bado ni boksa. Legacy za kuanzia mwaka 2003 kule Japani ziliwekewa yanayolingana, na wapenzi wake wakalalamika kwamba gari limenyamaza. Sasa wewe umekata silensa ya nyuma kwenye gari lisilo na tabo. Umeongeza sauti, hujaongeza mlio. Rudisha silensa. Hela iliyobaki nunua oili, na usome kipimo kila Jumamosi gari likiwa sehemu tambarare, si kwenye kilima cha kwenu.

*Je, ni kweli Toyota ndiyo mwenye Subaru? Tunabishana kijiweni. — Mpenda haki, Kaloleni*

Mwenye hisa, siyo mwenye mali. Toyota ilinunua kidogo mwaka 2005, ikaongeza, na tangu mwaka 2020 ina asilimia 20. Mwaka 2012 walitoa gari dogo la michezo kwa pamoja: Subaru inaliita BRZ, Toyota inaliita 86, injini ni boksa na liliundwa kiwanda cha Subaru. Jina Fuji Heavy Industries lenyewe liliachwa tarehe 1 Aprili 2017, sasa ni Subaru Corporation. Aliyesema "ni Toyota tu ile" anunue soda.

*Habari za kazi dada. Mimi ni mwalimu, naishi Kibosho, nina Forester ya gia otomatiki. Mvua zilizopita lilianza kuteleza mbele, nikanunua matairi mawili mapya nikafunga mbele, ya nyuma nikaacha ya zamani yaliyokwisha kiasi. Sasa nikikata kona kali getini gari linagoma, linaruka kidogo kidogo kama limekanyaga breki. Fundi anasema ni bushi, kabadilisha, hali ni ile ile. — Mwalimu*

Nzuri mwalimu, pole na bushi.

Barua yako ndiyo niliyoisoma mara mbili, kwa sababu kila masika inakuja na mtu mwingine kwenye kaunta. Fundi wako amelihudumia gari kama Toyota ya kuvuta mbele. Huko, mawili mapya mbele na makuukuu nyuma ni akili ya kawaida ya mwenye mshahara. Kwenye Subaru magurudumu manne yanaongea muda wote kupitia gia boksi. Tairi jipya ni nene, mzunguko wake ni mrefu. Lililokwisha mzunguko wake ni mfupi, kwa hiyo linazunguka mara nyingi zaidi kwa safari ile ile. Gari linadhani mbele na nyuma zinateleza wakati wote. Ndani ya gia boksi yako kuna klachi ndogo inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, nayo inasuguana kutwa, lami na vumbi, hadi iungue au ikamate. Ile ya gia za mkono ina kikombe chenye mafuta mazito badala ya klachi, nacho kinapika vivyo hivyo. Subaru wenyewe wanataka mzunguko wa matairi usipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Sita tu, mwalimu! Chukua utepe wa fundi cherehani, zungushia kila tairi, andika.

Jipime hivi kabla hujatumia senti nyingine. Tafuta uwanja wa saruji mkavu, wa kanisa au wa shule. Injini iwe imepata moto. Kata usukani hadi mwisho, achia breki, liache litembee lenyewe polepole kwenye duara. Likienda laini, bado hujachelewa. Likikokota, likirukaruka, likitaka kusimama, ile klachi inakamata.

Kwa otomatiki za zamani kama yako kuna kitu kingine ambacho mafundi wengi hawajui kipo. Fungua boneti, tafuta sehemu ndogo ya fyuzi iliyoandikwa FWD. Chomeka fyuzi hapo, taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi, na gari litavuta mbele tu. Waliiweka kwa ajili ya siku unapotembea na tairi la akiba dogo. Ukiichomeka na lile kugoma kukaisha, umepata jibu na bushi zako za zamani zilikuwa nzima. Iache humo mpaka upate matairi, lakini endesha taratibu, Kibosho kwenye utelezi ukiwa na mbele tu ni mtihani.

Matairi ni manne, mamoja kwa aina, mamoja kwa saizi, mamoja kwa umri. Ndiyo, ni ghali. Mtumba nao unafaa, mradi seti nzima imetoka kwenye gari moja. Kisha kila yanapomaliza kilomita elfu kumi, ya mbele yapelekwe nyuma. Mwambie fundi abadilishe na mafuta ya gia boksi, aweke yanayoruhusiwa. Mara nyingi klachi ikiwa haijaungua sana, mafuta mapya na matairi sawa yanatosha kuirudisha.

*Mama, shikamoo. Nina Legacy yenye injini 2.5. Hapa mjini halina shida, ila nikipanda ukuta wa Mto wa Mbu kuelekea Karatu mshale wa joto unapanda. Fundi kaniambia tatizo ni themostati, akaitoa kabisa, akasema "nchi ya joto haihitaji." Sasa linachemsha zaidi. — Baba wa watatu, Njiro*

Marahaba baba. Huyo fundi simjui lakini sentensi yake naijua, inaletwa kwangu kutoka kila gereji. Themostati si kifaa cha baridi. Inashikilia joto la injini kwenye kiwango chake: injini ikiwa baridi inafunga njia ya redieta, ikipata moto inaifungua. Ukiitoa, joto la injini halina tena wa kulisimamia, na chanzo cha kuchemsha kinabaki palepale.

Tena kwenye Subaru hii iko chini, pale hosi ya chini inapoingia kwenye pampu ya maji, si juu kama magari mengine. Kuna mafundi wanatafuta juu hadi wanachoka. Ukinunua mpya, zipange mbili kaunta uzitazame: ya asili ina tumbo kubwa, springi nene, sahani pana. Ya kuiga ni nyembamba na inaingia vizuri tu kwenye nafasi yake, hapo ndipo watu wanapodanganyika. Haiachii maji ya kutosha.

Baada ya kuifunga, hewa itolewe. Kwenye kona ya juu ya redieta kuna kifuniko kidogo cha plastiki cha kutolea hewa. Kifunguliwe, kulanti imiminwe polepole, fundi aibonyeze hosi ya juu kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Injini ya kulala hupenda kuficha hewa, na hewa iliyofichwa peke yake inatosha kuchemsha gari.

Sasa neno nisilopenda kuandika. Injini za 2.5 za EJ zina sifa ya gasketi za hedi kuchoka. Kabla hujanunua chochote, fungua kifuniko cha tangi dogo la maji asubuhi, gari likiwa baridi, liwashe, mtu akanyage mafuta kidogo kidogo. Mapovu yanayokuja mfululizo hata baada ya hewa kutolewa, yenye harufu ya moshi, au utando mweusi kwenye kuta za tangi, hiyo ni gasketi. Bonyeza hosi ya juu kabla ya kuwasha: ikiwa ngumu wakati injini imelala usiku kucha, ni hiyo hiyo. Gari lisipande tena Mto wa Mbu.

Kazi yake ni injini ishuke chini, kwa sababu hedi ziko pembeni na hakuna nafasi ya kufanya kazi safi ikiwa ndani. Hedi zipelekwe kwenye mashine zisawazishwe, na gasketi iwe ile ya chuma ya tabaka kadhaa, si ile laini iliyotoka nayo kiwandani miaka ile. Mkanda wa taiming, pampu ya maji na sili za mbele zibadilishwe siku hiyohiyo, kwa kuwa umeshalipa ufundi wa kufika pale. Na zifunguliwe hedi zote mbili. Fundi akikwambia upande wa pili bado uko poa, mlipe alichofanya, muage, utafute mwingine.